Kuhamia Mfumo Mpya wa Kompyuta: Tulinde Kwanza Kilichomo Ndani

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kuna swali linaloulizwa sana na watu wenye kompyuta nyumbani, katika ofisi za parokia na katika vyumba vya kusomea vya mafrateri: hii mashine yetu yenye Windows 10 tuifanyeje? Wapo walioambiwa kwamba kompyuta yao imekwisha, wanunue nyingine. Wapo walioambiwa wasijali, waendelee kama zamani. Majibu haya mawili yanapingana, lakini yote mawili yanaweza kumwingiza mtu hasara: la kwanza hasara ya fedha, la pili hasara ya kazi yake ya miaka.

Katika somo hili tutapita hatua kwa hatua: mfumo endeshi ni nini, kwa nini kuubadilisha, namna ya kujiandaa, njia zilizopo, na mwishoni swali la haki ambalo wengi wetu hatupendi kuulizwa. Hatuandiki kwa ajili ya mafundi. Tunaandika kwa ajili ya katekista, mwalimu wa kwaya, mama mwenye duka na mwanafunzi mwenye kompyuta moja tu.

1. Mfumo endeshi ni nini?

Kompyuta ina sehemu tunazoweza kuzishika: kibodi, skrini, betri, diski, na ule ubao mkuu wa ndani ambao mafundi huuita madabodi. Sehemu hizi zikiwa peke yake haziwezi kukufungulia hata barua moja. Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoziunganisha na kuziongoza. Unapobonyeza herufi, mfumo ndio unaoipokea na kuipeleka kwenye skrini. Unapohifadhi barua, mfumo ndio unaochagua mahali pa kuiandika katika diski. Programu nyingine zote, za kuandika, za hesabu, za kusikilizia muziki, husimama juu yake. Windows, macOS na Linux ni mifumo endeshi ya kompyuta. Android iliyo katika simu zetu nyingi nayo ni mfumo endeshi, na imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Tunaosoma falsafa tunaikumbuka habari ya meli ya Theseus iliyosimuliwa na Plutarch. Waathene waliitunza meli hiyo kwa kutoa ubao uliooza na kuweka mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakabishana: je, hii bado ni meli ile ile? Kwa kompyuta swali hili lina jibu la kila siku. Leseni ya kidijitali ya Windows hutambua mashine hasa kwa madabodi. Ukibadilisha diski au ukaongeza RAM, kwa kawaida leseni bado inatambulika. Ukibadilisha madabodi, Windows inaweza kukuhesabu kuwa una kompyuta nyingine kabisa.

Lakini kwa mwenye kompyuta utambulisho upo kwingine. Mashine inaweza kununuliwa tena. Mfumo unaweza kupakuliwa tena. Picha za bibi aliyekwisha kufariki, hesabu za michango ya jumuiya, nota za nyimbo alizotunga mwalimu wa kwaya na tasnifu ambayo bado haijachapwa haviuzwi dukani wala havipakuliwi popote. Mara nyingi vitu hivyo si vyetu peke yetu; watu wengine wametuaminia. Tofauti hii kati ya kinachopatikana tena na kisichopatikana tena ndiyo itakayotuongoza katika somo lote.

2. Nini kilitokea tarehe 14 Oktoba 2025?

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Baada ya miaka kumi, Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida. Maana yake ni kwamba kompyuta yenye mfumo huo inaendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana, ila haipati tena masasisho ya usalama bila malipo kama ilivyozoea. Haikuzimwa. Anayekuambia kwamba kompyuta yako haitawaka tena anakosea.

Hata hivyo kuna jambo la kweli la kuogopa. Programu kubwa kama mfumo endeshi daima ina nyufa ambazo waandishi wake hawakuziona. Nyufa zikigunduliwa, mwenye programu hutoa kiraka. Huduma ikiisha, nyufa huendelea kugunduliwa lakini viraka havitoki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukuta wenyewe tuliuona tarehe 12 Mei 2017. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilisambaa kwa siku chache na kuziingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Ilizifunga faili za watu na kudai dola 300 kwa sarafu ya bitcoin ili kuzifungua. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Nao wenye kompyuta za kawaida za Windows XP, ambayo huduma yake iliisha Aprili 2014, hawakuwa na kiraka cha kuweka mpaka shambulio lilipokwisha kuanza.

Kompyuta isiyoingia kamwe katika intaneti iko salama zaidi, lakini haina kinga kamili, maana flashi zinazozunguka kutoka mkono hadi mkono nazo hubeba virusi. Anayechapisha ratiba za watu wote kwa flashi zao anajua tunachosema.

3. Akiba haiozi

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya akiba. Hatua hii hairukwi, hata kama fundi anasema faili zako hazitaguswa. Mara nyingi ni kweli hazitaguswa. Siku ambayo si kweli, hakuna wa kumlilia.

Chukua flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Nakili folda za hati, picha, muziki na video. Kisha angalia mahali ambapo watu husahau: faili zilizoachwa juu ya skrini ya mwanzo, folda ya vitu vilivyopakuliwa, na folda ambazo mtu alizifungua moja kwa moja ndani ya diski C. Kama unatumia programu ya barua pepe iliyo ndani ya kompyuta, barua zako nazo zina faili lake. Andika nywila zako muhimu katika daftari na ulifungie. Andika pia orodha ya programu unazotumia kweli. Utakuta ni chache kuliko ulivyodhani.

Wataalamu wana kanuni rahisi inayosomwa tatu, mbili, moja: uwe na nakala tatu za kila kitu cha thamani, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida hii inaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje kabatini, na nakala ya tatu katika hifadhi ya intaneti au katika flashi inayotunzwa kwa ndugu. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, nakala mbili zilizokaa meza moja zitapotea pamoja.

Mwisho wa hatua hii ni kipimo. Peleka diski yako ya akiba kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili tano au sita: picha moja, barua moja, jedwali moja la hesabu. Zikifunguka, una akiba. Usipofanya hivyo, una matumaini tu.

4. Kuijua mashine yako

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na masharti yake ni makali kuliko ya mfumo uliotangulia. Inadai RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, prosesa iliyo katika orodha iliyoidhinishwa, uwashaji salama, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Kazi ya chipu hii ni kutunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida haziwezi kufika.

Sharti linalowakwamisha wengi ni prosesa. Kwa prosesa za Intel za familia ya Core, orodha huanzia hasa kizazi cha nane. Kujua kizazi si vigumu. Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya mfumo, kisha sehemu ya kuhusu kompyuta hii, usome jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha sita, na Windows 11 haiikubali. Ukiona i5-8250U ni kizazi cha nane, inakubalika. Ukiona i5-10210U ni kizazi cha kumi. Anayenunua kompyuta mpakato ya mtumba asome namba hii kabla ya kutoa fedha, maana rangi na wembamba havisemi lolote kuhusu umri wa mashine.

Kuhusu TPM, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka litakuambia kama chipu ipo na ni toleo gani. Wakati mwingine ipo lakini imezimwa katika mipangilio ya awali ya mashine, ile inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka. Huko huitwa PTT katika mashine za Intel na fTPM katika za AMD. Kompyuta iliyokataliwa kwa sababu hii tu haihitaji kuuzwa; inahitaji kuwashiwa chipu yake.

Tahadhari: kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kubadilisha mipangilio hiyo kunaweza kuifanya kompyuta ikudai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Utafute na uunakili kwanza, ndipo uendelee.

5. Njia tatu

Njia ya kwanza ni kupanda hadi Windows 11. Kama mashine inatimiza masharti na Windows 10 yako ni halali, kupanda ni bure, na kunafanyika kupitia sehemu ya masasisho katika mipangilio. Faili na programu hubaki. Jiandae kwa bando, kwani upakuaji unafikia GB kadhaa. Ukishapanda na usipendezwe, una siku 10 za kurudi ulikotoka. Baada ya hapo mfumo wa zamani unafutwa. Zipo mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyotimiza masharti, lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, nayo ndiyo sababu iliyotufanya tutake kuhama.

Njia ya pili ni kuongeza muda. Microsoft imeweka nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu anaweza kuipata bila malipo kwa kuunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft, au kwa kulipa dola 30. Njia hii inamfaa mwanafunzi aliye katikati ya tasnifu, ambaye hapaswi kubadilisha chochote kabla ya kuikabidhi. Ajue tu kwamba ameahirisha swali, hajalijibu.

Njia ya tatu ni Linux, hasa kwa mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki mwenye umri wa miaka 21. Leo inapatikana kwa sura nyingi. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, inapendwa na wanaotoka Windows kwa sababu mpangilio wa skrini yake hauwachanganyi. Mint hufanya kazi kwa RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazoshauriwa. Zote mbili ni halali kuzipakua, kuzinakili na kumpa jirani. Jumuiya nzima inaweza kupakua mara moja na kugawana kwa flashi.

Jambo jema la Linux ni kwamba unaweza kuionja kabla ya kuiweka. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu kama Rufus, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Jaribu printa, sauti, Wi-Fi. Kama havifanyi kazi, zima, chomoa flashi, na kompyuta yako iko kama ilivyokuwa.

Tuseme pia gharama yake. Microsoft Office ya kompyuta haina toleo la Linux. LibreOffice hufungua hati za Word na Excel, lakini mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo. Walimu wa kwaya wanaoandika nota kwa Sibelius wajue kwamba nayo haina toleo la Linux, MuseScore inalo. Kabla ya kuhama, toa kila wimbo kutoka Sibelius kwa muundo wa MusicXML, ambao MuseScore huufungua. Ukisahau, nota zitakuwepo lakini hutaweza kuzisoma.

Kuna neno moja kwa njia zote tatu. Kama shida yako kubwa ni kwamba kompyuta inachelewa, mfumo mpya huenda usikusaidie. Mashine nyingi za zamani huchelewa kwa sababu ya diski inayozunguka. Kuweka SSD mahali pake mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko badiliko lolote la mfumo.

6. Siku ya kazi

Chagua siku ambayo huna haraka. Usianze Jumamosi jioni ilhali matangazo ya Jumapili bado hayajachapwa. Chomeka chaja hata kama betri imejaa. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, chagua saa ambayo umeme wa mtaani kwenu hutulia, maana ukikatika wakati mfumo unaandikwa, kompyuta inaweza isiwake tena mpaka kazi ianzwe upya.

Kisha chomoa diski yako ya akiba na uiweke mbali. Hili linasahaulika sana. Anayeweka mfumo mpya huulizwa auweke katika diski ipi, na akichagua vibaya anaweza kufuta ile ile aliyoitegemea. Soma kila swali la skrini kabla ya kubonyeza. Katika Windows, chagua kubaki na faili na programu. Katika Linux, elewa kwamba chaguo la kufuta diski lina maana ya kufuta kila kitu, na kwamba kuna chaguo jingine la kuiweka kando ya Windows.

Kazi ikiisha, fungua faili zako, chapisha ukurasa mmoja, piga wimbo mmoja, ingia katika barua pepe. Pitia ile orodha ya programu uliyoiandika. Usifute akiba, iache angalau mwezi mzima, kwa sababu faili linalokosekana mara nyingi hugunduliwa siku linapohitajika.

7. Swali la haki

Tumesema Windows iwe halali. Sote tunajua kwamba mijini kwetu mtu anaweza kuwekewa Windows na Office za wizi kwa fedha kidogo, bila hata kuulizwa. Wengi hawajui kama waliyo nayo ni ya wizi. Basi tuwe na desturi ya kumwuliza fundi kabla hajaanza: leseni inatoka wapi?

Amri ya saba haina kifungu kinachoiacha kazi ya akili nje. Aliyeandika programu amefanya kazi kama aliyechonga meza. Kuna anayejibu kwamba kampuni ile ni tajiri na sisi ni maskini. Umaskini ni wa kweli, nao unastahili jibu la kweli. Na jibu lipo, kwa kuwa Linux na LibreOffice ni bure na ni halali. Hatulazimiki kuchagua kati ya wizi na kukosa.

Kuna hoja ya usalama pia. Programu za kuvunja leseni mara nyingi humwambia mtu azime kwanza kinga ya virusi ili zifanye kazi. Mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia, nawe humjui, ungemfungulia mlango? Mtu anayehama kwa ajili ya usalama kisha akaingia kwa mlango huo amefanya safari bure.

Hitimisho

Wapendwa, mfumo endeshi utabadilika tena. Windows 7 iliisha Januari 2020, Windows 10 imeisha 2025, na kilicho kipya leo nacho kina siku yake. Asiyejua kubeba faili zake salama ataumia kila mara. Anayejua atahama kwa amani, hata akitumia mashine ya zamani. Tuanze na akiba wiki hii, hata kabla ya kuamua njia, kwa sababu akiba ndiyo hatua pekee ambayo haina ubishi katika njia yoyote tutakayochagua.

Maswali ya kujadili katika jumuiya au darasani

1. Ni faili zipi katika kompyuta yako ambazo ni za watu wengine, nao wamekuaminia? Zina nakala ngapi, na ziko wapi?

2. Kompyuta ya parokia au ya kikundi chenu ina mfumo gani, na nani ana wajibu wa kuutunza?

3. Je, kikundi chenu kinaweza kupakua mfumo wa bure mara moja na kuwasaidia wanachama wenye mashine za zamani?

4. Tukigundua kwamba programu tunayotumia ni ya wizi, hatua ya haki iliyo ndani ya uwezo wetu ni ipi?